Kijivu cha Mama

Wiki iliyopita fundi alifungua ndoo ya rangi sebuleni kwangu, kijivu kile chepesi chenye ubaridi ambacho siku hizi kila anayejenga Mwanza anakitaka, na kabla hajaingiza hata kijiti cha kukorogea mimi nilikuwa nimeshatoka nje. Harufu ilinifukuza. Si harufu mbaya. Rangi ya maji inanukia ubichi tu, kama chaki iliyolowa. Lakini ilinipanda kichwani na miguu ikaanza kutafuta njia. Nikazunguka nyumba, nikang'oa majani ambayo hayakuwa na kosa lolote, nikarudi mlangoni, nikatoka tena. Fundi akaniuliza, "Dada, kwani hujaipenda rangi?" Nikamwambia naipenda sana, aendelee tu, mimi si mtu wa kukaa.

Na kweli si mtu wa kukaa. Nimerithi. Wenzangu mliokua miaka ile mtakumbuka kwamba hakuna mtu aliyepaka kijivu ndani ya nyumba kwa hiari yake. Sebule ilikuwa ya krimu, chumba cha wazazi cha waridi au bluu, na chini ukutani kulikuwa na mkanda wa rangi ya mafuta, wa kahawia au kijani, ili watoto wakishika kwa mikono yao ya ugali paweze kuoshwa. Kijivu haikuwa rangi, ilikuwa hali. Ilikuwa hali ya nyumba iliyopigwa lipu, kisha mwenyewe akaishiwa pumzi hapo hapo. Ukiingia kwa mtu ukakuta kuta za kijivu, ulijua la kumwambia ni pole.

Nyumba yetu, juu mlimani upande wa Mabatini, katikati ya mawe makubwa, ilikuwa katika hali hiyo tangu nipate akili. Kuta zilipigwa lipu zikaachwa. Ukiegemea unaondoka na vumbi mgongoni, na shuleni walinijua kwa mgongo wangu. Jambo la kuchekesha, ambalo Mama hakulicheka hata siku moja, ni kwamba Baba alikuwa fundi ujenzi, tena fundi wa kusifiwa. Kazi zake zilikuwa ng'ambo ya ziwa, Sengerema. Jumatatu alfajiri alishuka na mfuko wake wa vifaa kwenda kupanda kivuko cha Kamanga, na Jumamosi jioni alirudi na simenti kwenye nyusi na kikohozi chake kile kikavu. Alikuwa kiguu na njia. Hata akiwa nyumbani alikunywa chai amesimama mlangoni, kikombe mkononi, akitazama ziwa kule chini.

"Nyumba za watu zinaisha," Mama alikuwa akimwambia. "Yako inakushinda nini?"

"Kinyozi hajinyoi, mama watoto."

"Kinyozi hulala kwake."

Baba hakuwa mtu wa maneno. Akishindwa hoja alikohoa, akatoka nje kuangalia kitu ambacho hakikuhitaji kuangaliwa. Mama alibaki akisugua sufuria kwa hasira hadi unahisi itatoboka. Nilimsikia akimwambia jirani yetu, Mama Kulwa, kwamba mwanamume hawezi kutulia kwenye pagale, nyumba isiyokwisha. Leo yuko huku, kesho yuko ng'ambo, na iko siku ng'ambo ndiyo itakuwa kwake. Hilo ndilo lilikuwa likimla Mama. Hakutaka nyumba nzuri kwa ajili ya majirani, alitaka nyumba itakayomkalisha mume wake chini.

Mimi nilikuwa upande wa Mama mpaka likizo ile niliyopelekwa Magu kwa Bibi, mama yake Baba. Bibi alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono migumu, anayezungumza bila kuacha kazi. Tulikuwa tumekaa uani tunamenya karanga, nami nikawa namlalamikia juu ya kuta zetu. Nilidhani atamsema mwanawe. Badala yake akapuliza maganda mkononi, akasema, "Mtu hamalizi nyumba yake, mjukuu wangu. Akimaliza, kifo kikipita kinaona kazi yake imekwisha, kinamchukua mwenyewe. Babu yako alimaliza nyumba ya bati, wala hakula mavuno ya mwaka huo."

Nikamuuliza kama Baba anajua.

"Nimemnyonyesha mimi. Atakosaje kujua?"

Akaendelea kumenya. Mimi karanga zilinishinda. Kumbe ndiyo maana! Nilirudi Mwanza nikiwa nimebeba neno lile tumboni, na tangu siku hiyo kila Mama alipotaja rangi nilitoka nje. Vumbi la mgongoni halikunikera tena. Kila nilipoligusa niliona ni uhai wa Baba unabaki mkononi mwangu. Lakini nilimwogopa Mama kwa namna ambayo sikuwahi kumwogopa. Nilimtazama akipanga sahani, nikajiambia huyu ndiye atakayetuulia Baba, naye hajui.

Mama alifanya kazi ya kufua na kutandika vyumba kwenye hoteli moja huko ufukweni. Alirudi jioni ananukia sabuni na pasi. Jioni moja alikaa kwenye kigoda, mdogo wangu akiwa amelala mapajani, akaanza kutueleza kuhusu chumba kimoja cha kule.

"Kuta zake ni kijivu," alisema, "lakini si hiki chetu. Chepesi, kina ubaridi. Jua la saa nane linawaka huko nje, wewe unatandika shuka humo ndani unahisi ni asubuhi. Kichwa kinanyamaza." Akamweka mdogo wangu vizuri mapajani. "Baba yenu akilala chumba kama kile atapumzika. Hajawahi kupumzika yule."

Jumatatu Baba alipovuka, ndoo za rangi zikapandishwa mlimani. Mama aliomba ruhusa kazini, akajifunga kitenge kichwani, akasugua kuta kwa msasa mpaka sote tukawa weupe wa vumbi, akapaka ya kwanza nyeupe, kisha akafungua kijivu chake. Alipaka mwenyewe. Rola ilipanda na kushuka, naye aliimba, na Mama yangu hakuwa mtu wa kuimba. Mimi nilishika ndoo. Nilitaka kuimwaga. Nilishindwa kwa sababu ya ule wimbo.

Alipaka mpaka giza likaingia, akawasha taa, na madirisha akayaacha wazi ili rangi ipate hewa. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa! Kila mtoto wa Mwanza anajua wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi, na kwamba siku wakiinuka unazima taa na kufunga madirisha. Furaha ilimsahaulisha. Waliingia kwa wingi, wakazunguka taa, kisha wakatua ukutani na ukuta haukuwaachia. Kijivu kizima kikawa cheusi, tena kinatikisika. Mama alikaa juu ya ndoo, akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge, na sikujua ni wakati gani kicheko kilikuwa kimegeuka. Kesho yake alisugua upya ukuta mzima na kuupaka tena.

Ulipokauka, Mama Kulwa akaja kuomba kiberiti. Alisimama sebuleni akatazama huku na huku kwa adabu.

"Jirani, naona umerudia lipu. Imetoka safi. Sasa rangi lini?"

"Hii ndiyo rangi," Mama akasema.

"Hii?"

"Ndiyo, hii."

Mama Kulwa akachukua kiberiti na kusema hongera kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Mama aliinama akajifanya anapanga viatu. Nilimwona ameumia. Lakini mimi kule pembeni nilikuwa karibu kupiga vigelegele, kwa maana sasa nilikuwa nimeelewa kila kitu. Mama alijua. Alijua habari ya kifo na nyumba, akaipiga chenga. Ameimaliza nyumba kwa rangi ambayo mtu akichungulia dirishani ataona lipu tu, na kifo nacho kitachungulia, kitasema hawa bado, kitaenda zake Kitangiri au Nyakato kutafuta nyumba za waridi. Sikuwahi kumwona mtu mwenye akili kama Mama. Sikumwambia neno, maana ujanja wa namna ile ukiutamka unaharibika.

Kilichobaki ni watu wasitangaze. Kila aliyeingia na kusema hongereni kwa kumaliza nyumba, mimi nilidakia, "Bado haijaisha." Mama alinifinya. Nikafinywa na kudakia, mpaka wiki ikaisha.

Jumamosi Baba akarudi. Alisimama mlangoni na mfuko wake begani. Akaweka kiganja ukutani, akakipitisha taratibu jinsi mafundi wanavyofanya, akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Nani kapaka?"

"Mimi," Mama akasema. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Umenyoosha vizuri."

Basi. Chai akanywea nje. Ilipofika saa ya kulala akatandika mkeka barazani, akasema ndani kuna harufu. Jumamosi iliyofuata akasema vile vile, na harufu ilikuwa imeshakwisha, hata mimi mwenye pua ya mbwa sikuisikia. Alijilaza pale barazani akikohoa, akigeuka, akiamka kuzunguka mawe. Mama alikuwa ndani, katika chumba chake kilichonyamaza, peke yake. Alikuwa amepaka ili mume akae, sasa mume hata kizingiti hakivuki. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, si kwa mtu yeyote, "Yarabi, hata hiki?" Nami nikawa sina pa kuweka roho. Kama ujanja wa Mama ni mzuri, mbona Baba anaukimbia? Na kikohozi kile, si ndiyo dalili? Niliamka asubuhi na kwenda kumtazama kifua kama kinapanda na kushuka.

Mama hakuwa mtu wa kushindwa. Aliwaalika wanajumuiya wa kanisani waje Jumapili kubariki nyumba, na akatuma ujumbe Magu Bibi aje. Nadhani alisema moyoni, dawa ya moto ni moto, tutasali mchana kweupe mbele ya watu wote, tuone huyu bwana atakimbilia wapi.

Bibi alifika Jumamosi alasiri na kuku mmoja na mfuko wa karanga. Nilimkimbilia kumpokea mzigo, nikampigia shikamoo, na kabla hajavuta pumzi ya ule mlima nikamnong'oneza, "Bibi, ni lipu tu. Bado haijaisha."

Alinitazama, akaenda mpaka mlangoni. Hakuingia. Alinyoosha mkono akaugusa ukuta kwa ndani.

"Lipu haitelezi, mjukuu wangu. Hii ni langi," akasema kwa ulimi wake wa Magu.

Akarudi akakaa juu ya jiwe mbele ya nyumba, kuku mapajani. Mama alitoka akapiga goti, akamwamkia, akamkaribisha ndani. Bibi akaitika marahaba, lakini hakuinuka.

"Nasikia kesho mnaita watu," alisema. "Mnaita watu waje kutangaza kwamba mwanangu amemaliza. Mke wa mwanangu, kwani amekukosea nini?"

Baba alikuwa amekaa kando ya pipa la maji anaosha miguu kwenye beseni. Alisikia, kwa sababu mkono wake ulisimama. Nilimtazama Mama na kwa mara ya kwanza nikaona hana ujanja wowote. Alikuwa haelewi. Ilichukua muda uso wake kuelewa, na alipoelewa akamgeukia Baba, si Bibi.

"Hiyo ndiyo sababu? Miaka yote hii?"

Baba akatazama miguu yake.

Mama aliinuka. Alikuwa mkwe wa adabu, sikuwahi kumsikia akimpandishia Bibi sauti, na hata siku ile hakuipandisha. "Mama, nisamehe kwa nitakayosema. Mwanao hajamaliza kitu hapa. Sakafu nimesimamia mimi. Milango nimehangaika nayo mimi. Ukuta huo nimeusugua mara mbili kwa mkono huu, na rangi nimeipaka mimi. Mwenye nyumba ni mimi. Kifo kikija kumtafuta aliyemaliza, mwambieni kisihangaike kuvuka hadi Sengerema, kitanikuta ndani, nimelala kwangu."

Sote tulikuwa tumemlinda Baba. Bibi alimlinda toka Magu, yeye mwenyewe alijilinda kwa kutokaa, mimi nilimlinda kwa kufinywa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama Mama. Na maneno yake yalikuwa ya kweli kabisa, nilishika ndoo mwenyewe, niliona nani kamaliza. Nilianza kulia bila sauti.

Baba alitoa miguu kwenye beseni. Hakuifuta. Alikwenda barazani kwenye mfuko wake, akatoa nyundo na patasi, akaingia ndani, na safari hii hakusimama mlangoni. Tukasikia pigo la kwanza.

Tulipofika sebuleni vipande vya kijivu vilikuwa vinaruka. Alikuwa anapiga ukuta wa kati, ule unaotazama mlango, mahali ambapo Mama alikuwa amepanga kutundika msalaba. Alipiga kwa nguvu zake zote huku anakohoa, lipu ikatoka, matofali yakaonekana, na bado akapiga. Mama alisema, "Unafanya nini? Baba watoto, unafanya nini?" Aliendelea mpaka tundu likawa na ukubwa wa sahani. Kisha akashusha mkono. Jasho na vumbi vilikuwa vimemfanya wa kijivu na yeye.

"Umesema mwenye nyumba ni wewe."

"Nimesema."

"Basi haijaisha," Baba akasema. "Na mtu asipazibe hapo."

Akafuta nyundo kwa shati lake, akairudisha mfukoni, akaenda kumalizia kuosha miguu.

Mimi nilikwenda nyuma ya mawe nikalia kwa sauti. Nilimchukia. Nilikuwa nimeilinda roho ya mtu yule, nami nilimwona kwa macho yangu akiuvunja ukuta ambao Mama aliupaka akiimba. Niliona amemkasirikia kwa kusema mbele ya Bibi kwamba nyumba ni yake, na hivyo ndivyo wanaume wanavyojibu. Nilingoja nisikie Mama akipiga kelele. Sikusikia kitu. Niliporudi kuchungulia nikamkuta Mama ameshika ufagio, anafagia vile vipande taratibu, mgongo wake umenigeukia na mabega yanatikisika. Bibi alikuwa ameshaingia, amekaa kwenye kochi, anauliza kama kuna chai.

Usiku ule Baba alilala ndani. Jumapili wanajumuiya walikuja, katekista akanyunyiza maji ya baraka, akafika kwenye lile tundu, akasimama. Mama akamwambia, "Hapo bado kidogo," kwa uso mkavu kabisa. Na Baba alikuwa kwenye kiti. Alikunywa chai yake amekaa, mgongo umegusa ukuta, na ulipotoka haukuwa na vumbi. Jumatatu alishuka kwenda kupanda kivuko kama kawaida, mimi nikakataa kumuaga.

Hasira ile nilikaa nayo muda mrefu kuliko inavyostahili mtoto kukaa na kitu. Wageni walipokuja nilivuta kiti kuziba lile tundu. Niliolewa nikiwa nalo moyoni, nikimpima mume wangu kwa hilo, nikimwangalia mikono yake kila tulipokosana. Baba alihamishia kazi zake upande huu nilipokuwa sekondari, akaanza kuzeeka akiwa nyumbani, na bado sikumsamehe.

Mama amepaka nyumba ile mara nyingi tangu hapo, na hajawahi kubadilisha rangi. Mara moja nilikwenda na fundi wangu ili asihangaike na ngazi katika umri wake. Fundi aliona tundu, akakoroga simenti kidogo ya kuliziba. Mama alikuwa jikoni. Sijui alijuaje. Alitoka mbio, unga umemjaa mikononi, akamshika fundi mkono.

"Hapo hapazibwi, mwanangu. Zunguka na brashi ndogo."

Nikamwambia, "Mama, ni aibu. Mtu alikuvunjia ukuta mbele ya mama mkwe, na wewe unautunza?"

Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba nimemuuliza mimi ni mtoto wa nani. Nje tulimsikia Baba akikohoa, akiburuta kiti kutafuta kivuli.

"Wewe ulikuwepo," Mama akasema. "Kumbe hukuona? Miaka yote ile baba yako alijiogopea yeye. Siku ile aliniogopea mimi."